Kamba ya Hawa na Birika Lako

Madam wangu,

Sijui hata naanzia wapi. Tangu tulipokuzika kule Kilelengwani, darasa la chekechea nimeachiwa mimi, msaidizi wako, na kichwa changu hakijatulia hata siku moja.

Unakumbuka sheria yako? Kila mtoto alete kitu cha nyumbani, ajifunze jina lake la Kiingereza, awe mwenye neno hilo. Wengine wakilitaka, wamwendee yeye. Akihama na mifugo, amshikishe mwenzake kitu chenyewe, ndipo neno libaki darasani. Nilikucheka. Nikasema, "Madam, maneno si mbuzi." Ukanijibu, "Mtoto hutunza kilicho chake." Hata wewe ulikuwa na lako, kettle, la birika lako jeusi la chai. Mimi nilikataa kupewa neno, nikajiona mtu mzima.

Sasa birika lipo, watoto hawalitaji kwa Kiingereza. Nikiwauliza hiki ni nini, wanakataa. Ati, "Neno hilo Madam hajampa mtu." Na ni kweli. Ulituaga Ijumaa ukasema tuonane Jumatatu, basi.

Leo Hawa amerudi kutoka Bangale. Yule binti wa Kiorma aliyekushikisha wewe kamba yake ya ndama, rope, siku kwao walipohama kufuata malisho. Hakuwa na habari za msiba. Ameingia, akanyoosha mkono: "Madam ako wapi? Nataka kamba yangu." Darasa zima likanitazama. Nikaitoa kwenye droo yako, nikamshikisha, nikasema uliniachia nimwekee. Uongo mtupu, Madam! Akasema rope, wenzake wakaitikia kwa kelele, nami nikalia. Sijui ilikuwa furaha au aibu.

Ndipo wakauliza, "Na birika, pia amekuachia?" Hapo uongo ukanishinda. Nikasema, "Bado."

Hawa akanisogelea, nikamweleza kwamba hutarudi. Hakulia. Alifunga kamba yake kwenye mpini wa birika, ncha ya pili kwenye mguu wa kiti changu. "Isipotee," akasema, akaenda kucheza.

Nimekurithi, Madam, au nimekuibia? Ungekuwepo ungenicheka, na ningejua.

Kwaheri. Naahidi kwamba kila mtoto atakayehama atalikuta neno lake akirudi. Lako, la birika, mdomo wangu bado hauwezi kulitamka mbele yao. Lakini kamba sijaifungua, na kesho nitakaa kwenye kiti hicho hicho.