Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Maisome, Jumapili alasiri, Machi 1952

Manyunyu tangu asubuhi, na ziwa limetulia mno. Naandika nimekaa upenuni mwa nyumba ya mama yangu, kwa sababu ndani sijaruhusiwa kuingia.

Nilifika jana, kwa ruhusa ya siku tatu kutoka mgodini Geita. Mwenye mtumbwi, mtu niliyecheza naye tangu utotoni, alinivusha bila kunitazama usoni. Tulipotia nanga alichota maji akaosha pale nilipokuwa nimekaa. Nikadhani ana yake.

Kumbe huku kisiwani mimi ni marehemu.

Kaburi langu liko nyuma ya nyumba. Mwili haukuja, basi wakafanya kama ifanywavyo kwetu kwa mtu aliyefia mbali: wakazika shina la mgomba, wakalia, wakanyoa nywele, wakaanua tanga. Ni miezi minne sasa, na shina limechipua. Majani yamenifika kifuani. Haki ya Mungu, jana hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini jani moja lilikuwa likitikisika peke yake.

Shikamoo zangu mama hajaitikia hata moja. Hupita mbele yangu na kibuyu cha maji, akaumwagilia mgomba, akazungumza nao kwa Kizinza, akiuita Lukasi. Lukasi ni mimi, na nimekaa hapa hapa! Inauma. Nimemletea kanga na sukari, na vyote vinalowa tu.

Mjomba Tito, kaka yake mama, alinieleza taratibu. Aliyekwisha kuzikwa hapiti mlangoni. Hutobolewa ukuta wa nyuma akaingia kama mtoto anayezaliwa, mgomba ukang'olewa, yakaisha. Lakini mama amekataa katakata. Anasema shina lile lilikatwa mizizi yote kwa panga lake mwenyewe, na shina la namna hiyo huoza. Kama limeota, kuna mtu alizikwa kweli.

Leo mchana mama alinijia, akasimama hatua chache.

"Tulimlilia nani?"

Jibu ninalo miezi yote hii. Masanja, Msukuma wa Isaka, niliyekuwa nikikaa naye chumba kimoja. Alikuwa ametoroka mkataba wa mkonge, hana kipande, na bila ile kadi ya kazi mgodini huajiriwi. Siku moja homa ilinilaza, nikampa kipande changu ashuke shimoni badala yangu. Mwamba ukaporomoka. Ofisini wakaandika jina walilolikuta mfukoni mwake, wakamzika nalo. Nami niliogopa jela, nikanunua kipande chenye jina la kubuni, nikahamia mgodi mwingine. Nilijiambia nimekufa kwenye karatasi tu. Sikufikiri kwamba habari itavuka maji. Mpumbavu mimi.

Nilimweleza mama yote. Hakulia. Aliugeukia mgomba.

"Basi huyu si wangu," alisema. "Ana mama yake. Nenda ukamwambie mwenzangu, ndipo nitakutobolea ukuta."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Lipo jambo sikumwambia, na hapa nalisema kwa mara ya kwanza. Masanja hakujua kuandika. Barua zake za nyumbani nilimwandikia mimi, na alipokufa sikuacha. Nimemwandikia mama yake barua tatu kwa jina la mwanawe, kwamba ni mzima, anakula vizuri, kifua kimepona. Mwalimu mmoja wa Isaka humsomea, naye hujibu. Nilijidanganya kuwa ni huruma. Ilikuwa woga tu.

Mjomba anasema nisitazame nyuma nitakapoondoka. Nimemkubalia, ingawa hata sasa nahisi mgomba ule umenikazia macho mgongoni.

Kesho alfajiri navuka. Mgodini sirudi kwanza, ruhusa na iishe. Nitatafuta lori la kwenda Isaka. Sijui nitaanzaje kusema, maana katika barua ya mwisho niliandika kwamba Masanja anarudi nyumbani mwezi huu. Jibu lake ninalo mfukoni. Anasema pombe ya kumpokea ameshaipika, na kila lori likisimama hutoka nje kumwangalia.

Safari hii nitashuka mimi.