Kiti cha Kato

Bredäng, Stockholm

Mpendwa dada Ritah,

Huku theluji imeyeyuka. Binti yetu Yara katulipia safari ya meli, Bahari ya Mediterania, na sasa kila jioni mimi na Wasswa tunachagua matembezi ya kila bandari. Roma iko mbali na meli. Ugiriki eti tupande punda. Wasswa kasema nitangulie mimi.

Lakini kila bandari anataka nafasi tatu. Ya tatu ni ya pacha wake, marehemu mumeo. Nikimwambia Kato tulimzika, anaangua kilio kana kwamba ndiyo kwanza anasikia, na kesho anauliza tena. Nimeshindwa, dada. Nimekata tiketi tatu.

Akikupigia simu kumtafuta Kato, nakuomba, mwambie katoka kidogo, anarudi.

Wako,
Robinah