Mama Mdogo Mbele ya Waheshimiwa

Nyumba za wafanyakazi,
nyuma ya kituo cha utafiti,
Jumapili, 16 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U mzima huko? Na kile kifua kimepoa? Sisi tunapumua, ila moyo wangu hautulii, na nisipokuambia wewe nitamwambia nani?

Unaijua kazi yangu: wataalamu wa virusi vya Ukimwi wakishaandika mambo yao, mimi nayageuza yaeleweke kwa waandishi wa habari na wakubwa. Sasa wafadhili wamekata fedha. Tukaitwa mbele ya kamati ya afya tuiombe serikali izibe pengo.

Desturi yetu, mbele za watu hatupeleki mgonjwa mnyonge. Tunapeleka aliyenawiri, ili watu waache kuogopa. Safari hii mama mdogo akajitolea mwenyewe. Ungemwona! Gauni la zambarau, hereni, mashavu hayo, na mdomo wake ule ule. Aliwaambia ana virusi tangu wewe na mimi tuko shule, anameza dawa kila siku, na kwa kucheza ngoma hawamwezi. Walicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi. Nami nikajua tumeshinda.

Kumbe! Mwenyekiti akasema, "Mama huyu mzima kuliko sisi. Hongereni, kazi imekwisha. Fedha ziende kwenye barabara."

Nikasimama, nikaeleza kwamba dawa zinavilaza virusi tu, haziviui; akiacha, vinaamka. Nikaonyesha michoro. Mheshimiwa mmoja alikuwa anachezea simu. Jioni redio ikatangaza tumeushinda Ukimwi. Nikampigia mhariri arekebishe, akasema habari njema hazina haja ya kurekebishwa.

Lo, Kaka, nimechoka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwezi ujao dirisha la dawa hapa kituoni, anakochukulia mama mdogo, linafungwa, na kituo jirani hakipokei wagonjwa wapya. Nimeandika, nimepiga simu, nimelia chooni kazini. Sijui nifanye nini tena.

Msalimie sana wifi na watoto. Shemeji yako anakusalimu, hata yule kitinda mimba wetu Kifimbo, ambaye sasa anajiona mzee wa nyumba.

Mama mdogo naye anakusalimu. Jana tukianua nguo aliniuliza, bila utani wowote, "Mwanangu, nikishakonda utanirudisha kwa wale waheshimiwa waniangalie tena?" Nilikunja shuka ile ile mara ya pili.

Mungu akufunike huko uliko, na huku atutupie jicho.

Akupendaye siku zote,
Mdogo wako