Mzee wa Kutolewa

Mnyuzi, Korogwe
Mwezi wa Oktoba, 1909

Mdogo wangu Abdi,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nakujua ulivyo mvivu, nimeitikia mapema tusipoteze karatasi. Hujambo wewe, na shemeji yangu, na huo mguu wako uliokuwa ukivimba? Handeni mmepata mvua, au bado mnayatazama mawingu ya majirani? Mimi ni mzima. Meno yaliyobaki yanatosha muhogo wa kuchemsha, na ulimi ndio hauna ugonjwa kabisa.

Habari ya huku ni shule. Serikali ya Mdachi imetuletea mwalimu, Ernesti, kijana wa Bungu kule milimani. Alisomeshwa Tanga miaka miwili akarudi na viatu. Vinamuuma, lakini anaona afadhali achechemee kuliko kufanana na sisi. Anafundisha watoto wadogo hesabu, eti kwa michezo. Alikuja na kiunzi cha mbao chenye nyaya, kila waya shanga kumi za kusukuma huku na huku. Kitu cha kumpa mtoto anayeota meno! Haikupita wiki waya mmoja ukachomoka, shanga mbili zikapotelea majanini. Watoto wakawa wanahesabu sita, saba, nane, kisha kimya, kwa kuwa shanga zimekwisha. Akawachapa kwa kutoiona tisa. Hata mimi sikuiona, Abdi, na nilichungulia dirishani makusudi.

Basi bwana mwerevu akabuni jingine: watoto wenyewe ndio wawe shanga. Anawapanga uani mstari mmoja, anasema toa watatu, watatu wanakwenda nyuma ya ukuta, waliobaki anawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Vichwa vya watu, kama mbuzi! Na sisi tumelelewa na mama ambaye akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu tu kwamba wapo.

Mara maneno yakaenea mtoni kwamba mtoto anayetolewa katika hesabu hamalizi mwaka, ametolewa duniani. Jirani yangu Zuena akawa wa kwanza kumfungia ndani binti yake Mwaija, wa miaka sita. Kufika Jumatatu shule ilikuwa na watoto wawili, na mmoja alikuja kusinzia. Ernesti akapita nyumba kwa nyumba akichechemea, akiwaapia akina mama kwamba kutoa ni kutoa tu, hakuna anayekufa. Wakamwambia aanze na wa kwake, na wa kwake hana. Ndipo akida akatangaza kwamba Mzungu wa shule anakuja Alhamisi kukagua, na akikuta mabenchi matupu, mwalimu atalazwa chini apigwe viboko ishirini na tano mbele ya watu. Jioni ile nilimwona Ernesti kizingitini kwake, amevua viatu. Miguu malengelenge matupu, mibaya kuliko yetu.

Jumatano nikamwambia Zuena awalete wenzake waone upumbavu. Nikaingia uani, nikajipanga na wale watoto wawili, nikamwambia Ernesti anitoe mimi. Akajibu kwamba hana nafasi ya mchezo. Nikamkumbusha kwamba mchezo ndiyo kazi yake. Akauliza, watatu toa mzee mmoja wanabaki wangapi. Wakapiga kelele kwamba wawili, nami nikaenda nyuma ya ukuta.

Huko nikaingiwa na wazo, Abdi. Nilale chini, nitoe ulimi, nikaze macho. Lingekuwa jambo tamu la kusimulia! Goti moja lilikwisha gusa chini. Kisha nikaiona tena ile miguu ya malengelenge, nikasimama nikajipangusa. Zuena alikuja kuchungulia, akanifinya mkono, akawatangazia wenzake kwamba lizee lipo na bado linanuka tumbaku. Mchana Mwaija alikuwa mstarini. Alhamisi Mzungu akakuta mabenchi yamejaa, akaandika, akapanda treni akaenda zake.

Sasa nikuambie lililonishikisha kalamu, na usimwambie mtu, hasa shemeji, maana yeye na kinywa chake hawapatani. Yale maneno ya mtoni niliyatunga mimi. Nilikuwa dirishani nacheka, Ernesti akaniuliza mbele ya watoto, kumi na tano toa tisa. Nikasema saba. Mwaija akacheka mpaka akaketi chini, akasema sita. Mwalimu akasema mvi nyingine huota bure. Kwa hilo tu nilitaka mtoto wa watu achunwe mgongo. Ndiye kaka yako huyo.

Wala sijapona. Akina mama wamekubali shule kwa sharti moja: anayetolewa awe Mzee Mhina, si mtoto. Kila asubuhi naitwa. Nikitaka kukataa, lazima niseme kwa nini nilijitolea, na ukweli huo sina moyo nao. Leo yule mpumbavu amepanga watoto sita, mimi nikasimama badala ya wale tisa wa kutolewa. Akanitoa, nikazunguka ukuta, nikarudi, akanitoa tena, mpaka mara tisa, kiuno kinalia. Nilipomaliza nikawatazama waliobaki uani. Ni sita, Abdi. Hakuna saba.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia, na wasioniulizia uwasalimie kwa nguvu zaidi. Wa huku wanakusalimu.

Ni mimi kaka yako,
Mhina