Pembe Iliyofukuliwa Nyuma ya Goli

Mama mshauri, marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi nina miaka sabini na mmoja, kwa hiyo iweke barua hii mezani uniamkie kwanza ndipo tuendelee, maana jambo nililo nalo ni zito na sitaki tuanze kwa kukosana.

Mimi ni mtunza uwanja wa chuo kimoja cha ualimu hapa Lushoto. Nimekata nyasi na kuchora mistari ya chokaa kwa miaka ishirini na miwili, shule niliishia darasa la nne, lakini wenye digrii zao huja kuniuliza kama ukungu utaondoka kabla ya mechi. Jina langu usiliandike. Andika Mghosi, ndivyo wanafunzi wanavyoniita, kama anavyoitwa mzee yeyote wa Kisambaa.

Mwaka jana timu yetu ilishika mkia kwenye ligi ya vyuo, tukafungwa mpaka wapishi wakaacha kuja kutazama. Mwaka huu tumeletewa kocha mpya, Rajabu, mtu wa nyika, kwao Mnazi kule kwenye joto, alipanda huku amevaa masweta mawili na bado anatetemeka, nikasema huyu hatamaliza mwezi. Mama, tumecheza mechi kumi na moja, tumefungwa moja tu, ile ya kwanza. Jumamosi hii tukiwafunga wageni kutoka Korogwe tunabeba kombe. Sasa wewe niambie, timu ileile, miguu ileile, maharage yaleyale, imekuwaje?

Nikaanza kumchunguza. Kwanza, sisi tukienda ugenini hatupiti getini, tunapita kwenye ua kwa nyuma, tena kinyumenyume, huo ni utaratibu niliouweka mimi mwenyewe. Yeye anawapitisha vijana geti kuu mchana kweupe na kumsalimia mlinzi. Mtu asiyeogopa geti la watu ana kitu mfukoni. Pili, asubuhi ya mechi anazunguka uwanja peku, anainama, anashika udongo, anaandika kwenye daftari. Tatu, nilipomwendea kwa heshima nikamwambia kwamba timu hii ina kamati ya ufundi, na unajua kamati ya ufundi kwenye mpira si ya kufundisha mpira, ni ya mambo ya waganga, akacheka, akasema ufundi anaoutaka kwangu ni kukausha goli linalojaa maji. Nne, kila mchezaji anaingia uwanjani na kikaratasi kilichokunjwa ndani ya soksi. Hapo nikasema nimempata, hirizi hizo. Nikakiiba cha nahodha, Benjamini, alipokuwa anaoga. Nikavaa miwani, nikasoma: "Ukipoteza mpira, rudi kwanza, lalamika baadaye." Basi. Nimekigeuza, nimekimulika juani, nimekinusa, hakuna kingine, na hilo ndilo lililozidi kunitia wasiwasi.

Sasa ndipo ninapokuja kwenye aibu yangu. Goli la upande wa misonobari hujaa maji, kocha akaagiza wanafunzi wachimbe mfereji nyuma yake. Nilikuwa nimeenda kununua chokaa. Narudi nakuta watu wamejaa, katikati yao kuna pembe ya mbuzi imefungwa kitambaa cha zambarau. Wanafunzi wamepauka, wengine wanasema ndiyo maana tunashinda, kumbe kocha ni mganga, wengine hawataki tena kugusa mpira. Kocha anaitazama pembe, kisha ananitazama mimi na mfuko wangu wa chokaa.

Mama, ile pembe ni yangu. Niliifukia miaka sita iliyopita, Jumapili, watu wote wakiwa ibadani, mimi nilisingizia mgongo. Lengo lilikuwa mipira ya wageni ipite pembeni ya goli. Niliifukia upande huo tu kwa sababu goli la upande wa jikoni lina mwamba chini na jembe lilikuwa bovu. Kitambaa nilikikata kwenye mkono wa sare ya kwaya ya mke wangu, Secilia, alipouliza nikasema panya, na tulitega mtego wiki nzima.

Mkuu wa chuo, Mama Evelina, akaniita ofisini mbele ya kocha. Akaniuliza, "Mghosi, wewe ndiye unayeujua uwanja huu. Umewahi kuona kitu kama hiki?"

Nikajibu, "Tangu aje huyu bwana nimeona mengi."

Sikudanganya, nimeona mengi kweli. Lakini kocha amesimamishwa, na Ijumaa kuna kikao cha kumfukuza. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikisema, nitatengwa na meza ya Bwana, nikae benchi la nyuma na vijana waliopeana mimba. Tena kinachoninyima raha ni huyu kocha mwenyewe. Juzi alikuja kibandani kwangu, akaniamkia vizuri, akaketi kwenye ndoo, akasema, "Mghosi, mfereji haujaisha, naomba uumalizie hata kama mimi sipo." Akaondoka. Anajua au hajui? Kama anajua, kwa nini hanitaji? Ninahisi ananitegea. Na tena, nikwambie ukweli, kuna wakati najiuliza, pembe imekaa chini miaka sita, labda ilikuwa bado inakomaa, na ushindi huu ni wangu.

Nifanye nini, nikae kimya au niseme?

Mghosi, Lushoto

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mghosi. Nimekuamkia kwa moyo wote, sasa tulia nikuseme.

Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza, halafu nilipofika kwenye jibu lako kwa Mama Evelina sikucheka tena. Unasema hukudanganya. Mzee wangu, ulichagua maneno kwa uangalifu ili mtu mwingine afukuzwe kazi nawe ubaki msafi. Afadhali ungedanganya waziwazi, ningejua ulishtuka tu.

Tuanze na pembe. Uliifukia upande mmoja. Je, kwa miaka ishirini na miwili ya kuchora chokaa hujagundua kwamba kipindi cha pili timu hubadilishana magoli? Pembe yako imewalinda wageni nusu ya kila mechi kwa miaka sita. Mwaka jana mlipokuwa mnashika mkia ilikuwa palepale. Kama inastahili kombe lolote, ni la wapinzani.

Na hayo uliyomchunguza. Anazunguka uwanja peku ili ajue wapi pana maji na mpira utakwama. Anapita getini kwa sababu geti ni la kupitia. Umemtazama mtu akifanya kazi yake hadharani msimu mzima ukaona uchawi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa nao. Umemtafutia mfukoni kwake kitu ulichokifukia mwenyewe.

Unauliza kama anajua. Anajua. Mfereji ulichimbwa pale alipoagiza, na aliona kabisa nani aliyekuja na mfuko wa chokaa akabadilika rangi. Hakutegei mtego wowote. Alikuja kibandani kwako ili useme mwenyewe, na uliposhindwa kusema, akakuomba uumalizie mfereji badala ya kujitetea. Kukutaja wewe, mzee mwenye umri wa baba yake, mbele ya wanafunzi, ameona ni aibu kubwa kuliko kufukuzwa. Huko nyika unakokucheka wamemlea vizuri.

Kuhusu kanisa, ndiyo, utakaa benchi la nyuma. Ni miezi michache, na hao vijana utakaokaa nao angalau wao walikiri. Mhusishe mchungaji wako mapema, usingoje asikie sokoni.

Na usijidanganye kwamba una siri ya kulinda. Umeficha jina lako kisha ukamtaja mke, kwaya na rangi ya kitambaa. Nimeyabadilisha yote hayo kabla ya kuchapa, Secilia siye Secilia na zambarau si zambarau, lakini chuo kilichofukua pembe mwezi huu huko kwenu ni kimoja, na ile pembe ipo juu ya meza ya Mama Evelina ikiwa na kitambaa chake. Wanakwaya wakiiona Ijumaa watajua ni mkono wa sare ya nani, na hapo atakayeitwa mchawi ni mke wako. Hilo ulikuwa umelifikiria?

Gazeti hili linafika kwenu Alhamisi. Kwa hiyo ni leo. Likunje, vaa koti, anzia nyumbani umwambie mkeo habari za panya, umpe nafasi ya kukasirika. Kutoka hapo nenda ofisini kwa mkuu wa chuo, mwambie, "Pembe ni yangu, niliifukia kabla kocha hajafika," uishie hapo, usiongeze hadithi. Omba wanafunzi waitwe wasikie kutoka kinywani mwako, kwa sababu hofu yao ndiyo itakayowafungisha Jumamosi. Kisha mtafute Rajabu. Atakuamkia tu, usimkatishe, itikia halafu umwombe radhi.

Na kile kikaratasi cha Benjamini kimrudishie, lakini kabla ya hapo kisome mara moja zaidi. Wewe ndiye uliyepoteza mpira, Mghosi. Rudi kwanza.