Kipande cha Bati cha Elspet

Baba Elspet,

Uji wa shayiri uko jikoni, ukoroge kwanza, umeshaganda. Kola yako ya kesho nimeipiga pasi, iko juu ya kiti. Usiikalie kama ile nyingine. Mbwa hajala.

Nimekwenda kwa dada yangu Grizel, ndiko Elspet alikokimbilia. ~~Sirudi leo.~~ Nitarudi kabla ya giza.

Asubuhi uligawa vipande vya bati vya kuingilia Meza ya Bwana. Ukampa hata Murdo na ulevi wake, kisha ukamruka binti yako mbele ya wazee wote wa kanisa, eti alimpigia mbwa mluzi siku ya Sabato. “Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikiwa nasoma,” ulisema. Mtoto akainamisha kichwa, hakujitetea hata kidogo. Nami nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma.

Nampelekea kipande changu. Kesho mzee akipita kuvikusanya, mke wa mchungaji atabaki kwenye benchi, watu wamtazame mpaka wachoke.

Masikio yako ni mazima, Baba Elspet. Ila aliyepiga mluzi ni mimi, na mtoto alijua.

Mama Elspet