Damu ya Jike Namba 212

Jumatatu, 21 Januari
Nimeharibu lita arobaini. Mimi, si mashine! Plazima, yale maji ya damu ya farasi wenye mimba, ilishatulia, asidi nimeitia tone kwa tone, imebaki spiriti tu ya kuitenga homoni – na spiriti sikuipoza. Ilikaa mezani, nami napiga soga na mama kwenye simu. Badala ya unga mweupe nimepata tope. Bosi Bidegain akachungulia: leo umepika supu, Nélida? Maabara nzima ikacheka. Nikacheka nao. Nikasema friji inasumbua.
Friji haina tatizo lolote.

Alhamisi, 24 Januari
Bosi anataka fungu lililoharibika lifidiwe wiki hii hii. Hakuna farasi jike mwenye homoni nyingi kama 212, yule wa kijivu mwenye sikio lililochanika, mimba ya siku sabini. Wáshington wa zizini kaleta mwenyewe chupa ya damu ya jike huyo, termosi yake ya chai kwapani kama kawaida.
"Bi Nélida, huyu wangu amechoka. Anakunywa maji mpaka anatia huruma. Damu yake inasemaje?"
Nikamwambia nitapima.
Nimepima. Seli nyekundu kumi na saba kwa mia. Akiwa chini ya ishirini na tano, jike anarudishwa malishoni, haguswi mpaka apone. Sheria hiyo niliiandika mimi, imebandikwa ukutani juu ya kichwa changu.
Kitabuni nikaandika 27.
Kisha nikaendelea kuosha chupa kama kawaida. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 29 Januari
Fungu limetoka safi! Unga mweupe pee. Nguruwe wa Ulaya watashikwa na joto la kupandwa kwa wakati, wenye nguruwe watafurahi. Bosi kanipigia makofi mbele ya wote. Uso uliniwaka. Wakadhani naona haya ya kusifiwa.
212 katolewa damu tena asubuhi. Kwa sababu ya namba yangu.

Jumatano, 30 Januari
Amekufa. Wáshington kamkuta alfajiri kando ya birika la kunyweshea farasi, na mimba yake tumboni. Alikuja maabara, kofia mkononi, hakuvuka mlango – buti zina matope, akasema. Akauliza: damu haikuwa na kasoro?
Hapana, nikasema.
"Basi ni mimi. Labda nilimbana mno kwenye kibanio cha kutolea damu."
Nikamwacha aamini hivyo.

Ijumaa, 1 Februari
Mvua. Mtu kaleta torta frita, yale maandazi ya moto ya siku za mvua, sikuweza kula hata moja. Wanasema bosi ameandika kuwa jike alikufa kwa kipigo cha mtu wa zizi. Wáshington! Mtu anayewabembeleza farasi kama wajukuu zake! Jioni mama kauliza mbona sili. Tumbo, nikasema. Siku hizi uongo unanitoka bila hata kuutafuta.
Nimeamua: Jumatatu nasema.

Jumatatu, 4 Februari
Naandika stoo, nimesimama, daftari juu ya pipa la spiriti. Wananisubiri ofisini.
Wáshington kaja na koti lake la misa. Bosi kamsomea barua yote: miaka kumi na moja ya kazi, na sasa mnyama kauawa kwa kipigo. Hakupinga kufukuzwa kazi. "Nitoeni, bosi, ninyi ndio wenye zizi. Ila sijampiga. Msiniandike hivyo, mji wenyewe huu mdogo."
Nikasimama. Nikasema naenda kuleta kitabu cha vipimo. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.
"Cha nini?" bosi akasema. "Tuambie hapa hapa. Damu ilikuwa nzima au haikuwa?"
Na Wáshington naye – Wáshington! – akadakia: "Kitabu cha nini, bosi? Mimi neno la Bi Nélida linanitosha."
Wakanitazama wote wawili. Neno moja tu lilihitajika. Nikasema naomba nikanywe maji.
Maji sijanywa. Kitabu kipo rafuni, hatua tatu kutoka hapa. Moja na mbili zinafanana sana kwenye mwandiko wangu, naona. Mwenye haraka angeweza kukosea, akaandika 27 badala ya 17 – Mungu wangu, ninawaza nini!
Bosi anaita. Nélida! Mara ya pili sasa. Na kupitia ukuta namsikia Wáshington akimtuliza: mwache, bosi, analia huyo, ana moyo laini.
Silii.